Kuziba, Kufumba na Kuunga: Ufa wa Metali katika Mizani ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Methali isemayo "Usipoziba ufa utajenga ukuta" ni miongoni mwa methali zinazofahamika zaidi kwa wasemaji wa Kiswahili. Hufundishwa shuleni, husemwa barazani, na viongozi huitumia wanapotaka kuonya. Maana yake ya ndani ni ya kimaadili: kasoro ndogo isiporekebishwa mapema huzaa hasara kubwa. Hata hivyo, ni nadra kwa watumiaji wake kusimama na kuichunguza maana yake ya nje, yaani habari ya ufa wenyewe. Ukuta unaozungumziwa ni ukuta wa udongo, au wa mawe na chokaa. Ufa wake huonekana kwa macho. Hukaa palepale ukimngoja mwenye nyumba. Na dawa yake ni kukandika juu yake. Baada ya hapo mwenye nyumba hulala usingizi.

Mhadhara huu unahusu ufa wa namna nyingine, nao ni ule unaozaliwa ndani ya metali inayobeba mzigo unaorudiarudia: ekseli ya garimoshi, bawa la ndege, nguzo ya daraja, springi ya lori. Kwa muda mrefu wa maisha yake ufa huu hauonekani kwa macho. Husogea kidogo kila mzigo unapokuja. Na jambo la ajabu zaidi ni kwamba mzigo unapopungua, ufa huo hujifumba wenyewe, hata mkaguzi akaja na kuondoka bila kuuona.

Hoja kuu ya mhadhara ni hii: Kiswahili kina vitenzi vitatu, yaani kuziba, kufumba na kuunga, ambavyo hutenganisha mambo matatu ambayo wahandisi wa Ulaya na Marekani walichukua zaidi ya karne moja kuyatenganisha. Kwa hiyo, mtafiti wa istilahi hana haja ya kwenda mbali kutafuta maneno ya kuifundisha elimu hii. Ana haja ya kuyatumia kwa uangalifu maneno aliyonayo, kwa kuwa katika fani hii kulichukua neno moja mahali pa jingine kunaweza kugharimu roho za watu.

2.0 Uchovu wa metali na jina lake

Mtu asiye na koleo anapotaka kukata waya huukunja huku na huku mpaka ukatike. Mkunjo wa kwanza haukati kitu, wala wa pili. Lakini kila mkunjo huacha athari yake, na mkunjo wa mwisho hukamilisha kazi iliyoanzwa na ule wa kwanza. Mtoto yeyote aliyewahi kutengeneza gari la waya analijua jambo hili. Kitaaluma, habari zake zilianza kuandikwa Ulaya katika karne ya 19, wakati migodi na reli zilipoanza kutumia chuma kwa wingi. Wilhelm Albert, ofisa wa migodi ya Clausthal huko Ujerumani, aliijaribu minyororo ya kupandishia mizigo kwa kuipakia na kuipakua mara nyingi, akaona kwamba mnyororo unaostahimili mzigo mara moja huweza kukatika kwa mzigo uleule ukirudiwa.

Ajali iliyozindua watu ilitokea tarehe 8 Mei 1842. Garimoshi lililojaa watu waliotoka kwenye sherehe za Versailles lilikuwa likirudi Paris, ndipo ekseli ya injini ya mbele ikakatika. Mabehewa yaliparamiana juu ya injini na kushika moto. Milango ya mabehewa ilikuwa imefungwa kwa ufunguo, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, na watu zaidi ya 50 wakateketea. Miongoni mwao alikuwamo baharia na mpelelezi mashuhuri Jules Dumont d'Urville, pamoja na mkewe na mwanawe. Wataalamu wengi wa siku zile waliamini kwamba chuma kikitikiswa kwa muda mrefu hubadilika asili yake kikawa kama fuwele na hivyo kukatika. Mwaka uliofuata, 1843, mhandisi wa Uskoti, William Rankine, alipinga maelezo hayo. Baada ya kuchunguza ekseli zilizokatika, alionyesha kwamba chuma hakikubadilika asili, bali ufa ulianzia nje, mahali ambapo unene wa ekseli hubadilika ghafla, ukaingia ndani kidogo kidogo mpaka sehemu iliyobaki nzima ikawa ndogo mno kuweza kubeba mzigo.

Kazi kubwa ya vipimo ilifanywa na August Wöhler, mhandisi wa reli huko Prussia, kuanzia miaka ya 1850 hadi 1870. Wöhler alitengeneza mashine za kuzungusha na kupinda ekseli mara maelfu na mamilioni. Aligundua kwamba jambo linaloamua uhai wa chuma si ukubwa wa mkazo peke yake, bali ni tofauti iliyopo kati ya mkazo wa juu na mkazo wa chini katika kila mzunguko, pamoja na idadi ya mizunguko yenyewe.

Jina la tukio hili nalo lina historia. Kifaransa na Kiingereza huliita kwa neno lilelile la kuchoka kwa mwili, na Frederick Braithwaite alilitumia katika makala aliyoisoma mbele ya wahandisi wa London mwaka 1854. Wajerumani nao walitafsiri dhana hiyohiyo, na Kiswahili kikafuata kwa kusema "uchovu wa metali". Wako wanaolilaumu jina hili kwa kuwa mtu aliyechoka akipumzika hupata nguvu upya, ilhali chuma kilichochoka hakipati nafuu kwa kupumzishwa. Lawama hiyo ina uzito katika lugha za Ulaya kuliko katika Kiswahili. Msemaji wa Kiswahili asemapo "gari hili limechoka" au "shati limechoka", hatarajii kwamba gari au shati hilo litalala usiku na kuamka likiwa jipya. Kitenzi kuchoka kinapohusishwa na kitu kisicho na uhai hubeba maana ya kudhoofika kusikorudi nyuma. Hapa, basi, matumizi ya kawaida ya lugha yamekwisha kuisahihisha sitiari ambayo kwingineko ingali inahitaji maelezo.

3.0 Ufa unavyokua

Metali ni mkusanyiko wa chembechembe ndogo ambazo ndani yake atomu zimepangwa kwa safu. Mwaka 1903, James Alfred Ewing na J. C. W. Humfrey walichunguza kwa hadubini chuma kutoka Sweden kilichokuwa kikipindwa mara kwa mara. Waliona mistari myembamba ikijitokeza juu ya chembechembe hizo. Mistari hiyo ilikuwa alama ya safu za atomu kuteleza juu ya safu nyingine. Kadiri mizunguko ilivyoongezeka, mistari ilizidi kuwa mipana, na hatimaye baadhi yake ikawa nyufa. Ufa wa uchovu, basi, hauhitaji chuma kibovu ili uzaliwe. Huweza kuzaliwa katika chuma kizuri, chini ya mzigo ambao chuma hicho kingeubeba bila taabu kama ungekuja mara moja tu.

Baada ya kuzaliwa, ufa hugeuka kuwa chombo cha kukusanya nguvu. Mfano wake ni kitambaa. Fundi cherehani akitaka kurarua kitambaa, kwanza hukikata kidogo ukingoni kwa mkasi, kisha hukivuta. Kitambaa hufuata ule mkato. Nguvu ya mikono yake, ambayo isingetosha kurarua kitambaa kizima, hukusanyika yote kwenye ncha ya mkato. Alan Arnold Griffith aliieleza kanuni hiyo kwa kutumia kioo katika makala yake maarufu ya mwanzoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1957 George Irwin, aliyefanya kazi Marekani, alitoa kipimo kimoja cha kueleza jinsi mkazo unavyokusanyika kwenye ncha ya ufa. Kipimo hicho huongezeka mzigo unapoongezeka, na vilevile huongezeka ufa unaporefuka.

Paul Paris na wenzake walikichukua kipimo hicho katika makala za mwaka 1961 na 1963 na kukihusisha na uchovu. Walionyesha kwamba umbali ambao ufa husogea katika mzunguko mmoja hutegemea badiliko la kipimo cha Irwin, yaani tofauti kati ya hali ya juu na hali ya chini ya mzunguko huo, likipandishwa kwenye kipeo fulani. Kwa metali nyingi kipeo hicho ni kati ya 2 na 4. Maana yake si ngumu kuielewa. Kipeo kikiwa 3, badiliko likiongezeka mara mbili, mwendo wa ufa huongezeka mara nane. Kwa kuwa urefu wa ufa wenyewe huchangia badiliko hilo, ufa hujilisha kwa ukuaji wake: kadiri unavyorefuka ndivyo unavyozidi kwenda mbio. Sehemu kubwa ya maisha yake hupita ukiwa mfupi na mwenye mwendo wa taratibu. Sehemu ya hatari ni fupi na huja mwishoni. Kwa mantiki hii, methali ya ufa na ukuta inasadifu kabisa, maana tofauti kati ya ukaguzi wa mapema na wa kuchelewa si tofauti ya gharama tu, bali ni tofauti ya kuwahi na kutowahi.

4.0 Ufa unavyofumba

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 hesabu zote zilijengwa juu ya dhana moja ambayo hakuna aliyeona haja ya kuihoji: kwamba ufa huwa wazi wakati wote metali inapovutwa, na hujifunga pale tu metali inapogandamizwa. Wolf Elber, alipokuwa akifanya utafiti wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha New South Wales nchini Australia, aligundua kwamba sivyo. Alipima kwa makini jinsi bamba lenye ufa linavyonyooka mzigo unapopanda. Kama ufa ungekuwa wazi tangu mwanzo, kipimo kingepanda kwa mstari ulionyooka. Badala yake, mwanzoni mwa kila mzunguko bamba lilikuwa gumu kuliko ilivyotarajiwa, kana kwamba ufa ulikuwa mfupi zaidi. Baada ya mzigo kufikia kiwango fulani ndipo bamba lilipolegea na kuonyesha urefu kamili wa ufa wake. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1970 na 1971.

Maelezo ya Elber ni kama ifuatavyo. Kwenye ncha ya ufa mkazo ni mkubwa kiasi kwamba metali iliyo mbele yake hunyooshwa kupita uwezo wake wa kurudi katika umbo la awali. Ufa unaposonga mbele, metali hiyo iliyonyooshwa hubaki nyuma, pande zote mbili za njia ambayo ufa umepita. Kingo za ufa huwa zimenenepa kidogo. Mzigo unapopungua, kingo hizo hukutana mapema, kabla mzigo haujaisha. Ufa huwa umefumba ingawa metali ingali inavutwa. Katika mabamba ya aloi ya alumini inayotumika kwenye ndege, Elber aliona kwamba mzigo ukipanda kutoka sifuri na kurudi sifuri, ufa huwa wazi kwa takribani nusu tu ya badiliko la mzigo. Nusu nyingine haifiki kwenye ncha, kwa hiyo haiusogezi ufa.

Watafiti waliofuata walibainisha sababu nyingine za kufumba. Kutu ikiota juu ya kingo za ufa huzinenepesha na kuzifanya zikutane mapema. Ufa unaopita kwa kupindapinda huwa na kingo zenye mabonde na vilima ambavyo, vikisogea kidogo, havilingani tena, hivyo hugusana kabla ya wakati. Mzigo mmoja mkubwa usio wa kawaida hunyoosha eneo pana zaidi mbele ya ncha, na baada yake ufa hupunguza mwendo kwa mizunguko mingi. Lakini mgandamizo mkali ukifuata huweza kuifuta sehemu kubwa ya faida hiyo.

Jambo hili lina sura mbili, na zote mbili ni za kweli. Kwa upande mmoja, kufumba ni kinga, kwa kuwa ufa uliofumba hausogei. Kwa upande wa pili, ni kificho. Mkaguzi huja wakati mashine imesimama na mzigo umeondolewa. Rangi ya kupenya haipati nafasi ya kuingia vizuri kwenye ufa uliofumba, na mawimbi ya sauti, badala ya kurudishwa na uwazi, huweza kuvuka mahali kingo zinapogusana. Ufa huwa kama mmea wa kifauwongo: ukiguswa hukunja majani yake na kuonekana umekufa, ilhali mizizi yake ingali hai. Saa ambayo ufa hauonekani vizuri ndiyo hasa saa ambayo mwanadamu huchagua kuutafuta.

5.0 Somo la ndege ya Comet

Hatari ya kuyachanganya mambo haya inaonekana wazi katika kisa cha ndege ya Comet, ambacho kina sehemu yake katika Afrika Mashariki. Tarehe 2 Mei 1952, ndege ya aina hiyo yenye usajili G-ALYP iliondoka London kwenda Johannesburg, ikiwa ndege ya kwanza ya jeti duniani kufanya safari ya ratiba yenye abiria wa kulipa nauli. Ilipitia Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Entebbe, basi, ilikuwa miongoni mwa viwanja vya kwanza duniani kupokea abiria wa jeti.

Tarehe 10 Januari 1954 ndege hiyohiyo, ikitoka Roma kuelekea London, ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, na watu wote 35 waliokuwamo wakafa. Tarehe 8 Aprili 1954 Comet nyingine, G-ALYY, ilipotea baharini kusini mwa Naples ikiwa na watu 21. Wachunguzi wa Uingereza waliichukua Comet ya tatu, wakaizamisha katika tangi la maji huko Farnborough, kisha wakaijaza na kuitoa shinikizo mara kwa mara ili kuiga kupanda na kushuka kwake angani. Ilipasuka ilipofikisha jumla ya mizunguko 3,057, ikihesabiwa pamoja na ile iliyokwisha kufanya angani. Ufa ulianzia karibu na pembe ya dirisha. G-ALYP yenyewe ilikuwa imefanya safari 1,290 za shinikizo, na G-ALYY 900.

Swali gumu lilikuwa moja. Kiwanda kilichoiunda ndege kilikwisha kujaribu sehemu ya kiwiliwili chake, nayo ilistahimili zaidi ya mizunguko 16,000. Iweje ndege zenyewe zishindwe hata kukaribia idadi hiyo? Jibu lilipatikana katika mpangilio wa majaribio. Kipande kilichojaribiwa kilikuwa kimekwisha kupewa shinikizo kubwa, takribani mara mbili ya lile la kawaida, ili kuthibitisha nguvu zake. Shinikizo hilo liliinyoosha metali kwenye pembe za madirisha, na lilipoondolewa, metali ya jirani iliibana sehemu hiyo. Hali hiyo ya kubanwa ndiyo iliyochelewesha ufa kuzaliwa na kukua. Ndege zilizobeba abiria hazikupata mzigo wa namna hiyo. Jaribio lililokusudiwa kuthibitisha usalama ndilo lililokitia kipande kile kinga ambayo ndege nyingine hazikuwa nayo.

Kanuni iliyofanya kazi hapo ni ndugu ya ile ambayo Elber aliieleza baadaye, nayo ni ya metali iliyonyooshwa kubanwa na metali inayoizunguka. Comet ilisanifiwa upya, na mwaka 1960 shirika la East African Airways, lililokuwa la pamoja kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, lilianza kutumia toleo lake la nne.

6.0 Kuziba kusikoponya

Ikiwa Comet inafundisha hatari ya kutojua jinsi metali inavyojibana, ajali ya China Airlines namba 611 inafundisha hatari ya kuziba. Tarehe 7 Februari 1980, ndege ya Boeing 747 iligusa ardhi kwa mkia ilipokuwa ikitua Hong Kong, na ngozi ya chini ya mkia ikapata mikwaruzo. Katika miezi iliyofuata iliwekewa kiraka cha bamba. Mikwaruzo haikuondolewa yote, na kiraka hakikuenea vya kutosha kupita eneo lililoharibika. Kwa miaka 22 ndege iliendelea kuruka. Kila ilipopanda, mwili wake ulijaa shinikizo na nyufa zilizokuwa chini ya kiraka zikafumbua. Kila iliposhuka, zikafumba. Tarehe 25 Mei 2002 ilivunjika angani juu ya mlango wa bahari wa Taiwan, na watu wote 225 wakafa. Wachunguzi walipookoa mabaki yake kutoka baharini walikuta juu ya kiraka alama za msuguano zilizoachwa na kingo za ufa zilizokuwa zikienda na kurudi. Kiraka kiliyazuia macho ya wakaguzi, lakini hakikuuzuia ufa.

Hapa maana ya nje ya methali inafikia mpaka wake. Katika ukuta wa udongo, kuziba ni kuponya. Katika jahazi pia, fundi anapotia kalafati kwenye maungio ya mbao huzuia maji kwa hakika, na mbao zikinywa maji huvimba na kuyabana maungio zaidi. Lakini katika metali inayochoka, kuziba juu ya ufa bila kuushughulikia ni kuufichia njia. Ndiyo maana fundi mwenye ujuzi, akikuta ufa katika bamba, wakati mwingine hafanyi kinyume cha kuziba tu, bali hutoboa kabisa: huchukua keekee na kutoboa tundu la mviringo kwenye ncha ya ufa. Tundu huifanya ncha kuwa butu, mkazo ukatawanyika, na ufa ukasimama kwa muda. Mtu asiyejua angedhani anaongeza uharibifu.

Hata hivyo, onyo la ndani la methali halipotezi nguvu. Tarehe 28 Aprili 1988, ndege ya Boeing 737 ya Aloha Airlines, iliyokwisha kufanya safari 89,680 katika hewa ya chumvi ya visiwa vya Hawaii, ilipoteza sehemu kubwa ya paa lake angani. Rubani aliweza kuitua, lakini mhudumu mmoja wa ndege alivutwa nje na kufa. Nyufa ndogondogo zilikuwa zimeota kwenye matundu mengi ya ribiti yaliyopangana, zikaungana na kuwa mpasuko mmoja. Uchunguzi ulibaini kwamba abiria mmoja aliuona ufa kwenye ubavu wa ndege alipokuwa akipanda, lakini hakumwambia mtu. Ufa wa namna hii hauombi kuzibwa kwanza, huomba kusemwa.

7.0 Vitenzi vitatu na istilahi

Juhudi za kuunda istilahi za sayansi kwa Kiswahili si ngeni. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa nchini Tanzania mwaka 1967, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kanuni inayokubalika ni kwamba mtafiti aanze kutafuta ndani ya Kiswahili chenyewe na ndugu zake wa Kibantu kabla ya kukopa nje. Dhana ya Elber ni mahali pazuri pa kuipima kanuni hiyo.

Mtafsiri mwenye haraka angeandika "kufunga kwa ufa" au "kuziba kwa ufa". Maneno yote mawili yanapotosha. Kuziba hudai kitu cha pili kinachotoka nje: kizibo kwa chupa, kalafati kwa jahazi, udongo kwa ukuta. Kufunga hudai kitu cha kuzuia kisifunguke: kamba, komeo au ufunguo. Ufa wa Elber hauna kizibo wala komeo. Kingo zake mbili, ambazo asili yake ni kitu kimoja, hukutana na kuachana. Hiyo ndiyo maana ya kufumba. Mtu hufumba macho kwa kukutanisha kope, hufumba kinywa kwa kukutanisha midomo, hufumba kiganja kwa kukutanisha vidole. Hakuna kinachoongezwa, na kinyume chake kipo tayari: kufumbua. Kope zilizofumba hazijashonwa, na mzigo ukirudi ufa utafumbua.

Kwa hiyo, istilahi "kufumba kwa ufa" inapendekezwa hapa kwa dhana ya Elber, na "mkazo wa kufumbua" kwa kiwango ambacho mzigo ukikifikia ufa huwa wazi kabisa. Isisemwe "mkazo wa ufumbuzi", kwa kuwa neno ufumbuzi limekwisha kuhamia kwenye maana ya utatuzi wa matatizo. Uhamaji huo nao una funzo. Fumbo ni maneno ambayo maana yake imefumbwa, na msikilizaji ndiye wa kuifumbua. Ufa uliofumba ni fumbo katika maana zote mbili: kingo zimekutana, na maana imefichwa.

Kitenzi cha tatu ni kuunga. Mfupa uliovunjika huunga, yaani vipande viwili hurudi kuwa kimoja. Je, ufa wa metali huweza kuunga? Kwa karne nzima jibu lilikuwa hapana, isipokuwa kwa moto wa fundi wa kuchomelea. Mwezi Julai 2023, watafiti wa maabara ya Sandia na Chuo Kikuu cha Texas A&M nchini Marekani walichapisha habari za utando mwembamba sana wa platinamu uliokuwa ukivutwa mara 200 kwa sekunde ndani ya ombwe. Waliona ncha ya ufa ikirudi nyuma kwa takribani nanometa 18, kingo zikiwa zimeunga bila kuacha alama. Michael Demkowicz alikuwa ametabiri jambo la namna hiyo mwaka 2013. Ugunduzi huo ni mkubwa, lakini ulifanyika mahali pasipo hewa, kwa kipimo ambacho jicho haliwezi kukiona. Ekseli ya lori barabarani haijafika huko. Katika hewa ya kawaida kingo za ufa hupata utando wa oksidi, nazo zikikutana hufumba, haziungi.

8.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba ufa wa uchovu hukua kwa kujilisha, hufumba mzigo unapopungua, na huweza kuishi miaka mingi chini ya kiraka. Umeonyesha pia kwamba kuziba, kufumba na kuunga si visawe. Kinachozibwa hufunikwa, kinachofumba hukutana, kinachounga huwa kitu kimoja. Mwanafunzi wa ufundi atakayefundishwa tofauti hiyo kwa lugha anayoifikiria ataelewa, pengine mapema kuliko mwenzake anayeisoma kwa lugha ya kigeni, kwa nini bamba lililopakwa rangi safi si ushahidi wa uzima, na kwa nini ukaguzi wa mashine iliyosimama hautoshi.

Ukuta wa methali utabaki kuwa wa udongo, na onyo lake litabaki kuwa kweli. Kilichobaki kwa wataalamu wa Kiswahili ni kuhakikisha kwamba vitabu vya ufundi vitakavyoandikwa havimwambii fundi kuwa ufa umeziba, wakati ambapo umefumba tu.